Mfumo Ukikujibu 401, Usikimbilie Kuomba Pasiwedi ya Bosi

 

Siku hizi inbox yangu imejaa swali moja lenye sura nyingi. Mmoja anauza viatu, tovuti yake ilikuwa inapokea malipo vizuri, ghafla inaleta 401. Mwingine ana duka la vipodozi, shiti yake ya Google ilikuwa inavuta stoo ya jumla kutoka Kariakoo, sasa inaandika maneno mekundu. Wa tatu anauza vitu vya hospitali kama mimi, na yeye dirisha lake ni la kituo cha afya. Biashara ni tofauti, ila ugonjwa ni ule ule: mfumo wa upande wa pili umegoma kumtambua.

Nitatumia mfano wa kituo cha afya, kwa sababu ndio niliopambana nao na ndio wenye hatari kubwa zaidi. Mfumo wa stoo ya viatu ukivuja, watu watajua una pea ngapi. Mfumo wa kituo cha afya ukivuja, watu watajua nani kapimwa nini.

Kwanza tuelewane kuhusu API, maana wengi mnalitumia hilo neno kwa woga. API ni dirisha. Fikiria duka la dawa lenye nondo mbele: huingii ndani, unasimama dirishani, unasema unachotaka, unapewa kile tu kinachotakiwa kutoka. Tofauti ni kwamba hapa anayesimama dirishani sio mtu, ni programu yako. Na kabla ya kupewa chochote lazima ionyeshe kitambulisho. Kitambulisho hicho kina majina mengi: ufunguo, tokeni, siri ya mteja. Kikikataliwa, ndo unapata hizo namba.

Kwenye afya, madirisha ya namna hii yapo mengi kuliko tunavyodhani. Takwimu za vituo nchini zinakusanywa na Wizara ya Afya kupitia mfumo unaoitwa DHIS2, ambao asili yake ni Chuo Kikuu cha Oslo kule Norway, na una API yake. Shirika la Afya Duniani nalo lina API ya orodha ya magonjwa ya kimataifa, ile ICD, ambayo mtu yeyote anaweza kujisajili na kuitumia. Marekani wana openFDA, inatoa taarifa za dawa na vifaa tiba bure. Halafu kuna mifumo midogo midogo ya vituo binafsi, ambayo ndio inayotuhusu sisi wauzaji.

Kidogo niseme hapa, maana kuna watu wanachanganya. Vituo vya serikali havinunui ovyo mtaani. Vinaagiza Bohari ya Dawa, na kitu kikikosekana kule vinakwenda kwa mshitiri, yaani msambazaji mmoja aliyechaguliwa kwa mkoa. Mpango huo wa mshitiri unaitwa Jazia, na ulianzia hapa hapa Dodoma mwaka 2014 kabla ya kusambaa nchi nzima. Kwa hiyo mfanyabiashara mdogo mwenye ndoo na mashuka soko lake la kweli ni vituo binafsi. Na vituo binafsi vinapenda muuzaji anayejibu haraka.

Ndo maana kituo kimoja hapa mjini kilitufungulia dirisha sisi wauzaji wao wadogo. Orodha ya vitu vilivyopungua stoo, visivyo dawa: mashuka, magauni ya manesi, ndoo za taka zenye rangi, rejista, kandambili. Kila Alhamisi saa 4 asubuhi shiti yangu inavuta orodha, mimi naweka bei, na mwisho wa kujibu ni saa 10 jioni. Ukichelewa oda inakwenda kwa mwingine, hakuna kubembelezana.

Alhamisi moja saa 4 ikafika, shiti ikaleta 401.

Sasa kabla sijaendelea, shika tofauti hii, maana ukiikosa utazunguka siku nzima.

401 maana yake ni "sikujui". Kitambulisho hakipo, kimekosewa, kimeisha muda, au kimefutwa. Kwa Kiingereza wameandika neno linalofanana na "huna ruhusa", na hilo ndo linapoteza watu. 403 ndio "nakujua, lakini hapa huruhusiwi". Mlinzi wa geti akikwambia "wewe nani?" hiyo ni 401. Akikwambia "Ah, nakufahamu, ila leo hujaandikwa kwenye daftari", hiyo ni 403. Kwenye 401 unashughulika na kitambulisho. Kwenye 403 usiguse kitambulisho kabisa, shughulika na daftari la ruhusa. Nimeona watu wakipata 403 wanabadilisha ufunguo mara nne, na kila ukibadilishwa jibu ni lile lile, kwa sababu ufunguo haukuwa na shida.

Ipo pia 429, hiyo ni "umegonga mno". openFDA kwa mfano, bila ufunguo wanakuruhusu maombi 240 kwa dakika na 1,000 kwa siku. Ukiwa na ufunguo, ambao ni bure, unapata 120,000 kwa siku. Mtu ameweka shiti yake ijivute upya kila dakika, mchana inagoma, analalamika ufunguo mbovu. Siyo, umemchosha mwenye dirisha.

Na kuna jibu la ajabu kuliko yote: namba inakuja 200, yaani safi, halafu programu yako inalalamika kuhusu alama ya "<" isiyotarajiwa. Hiyo alama ndo mwanzo wa ukurasa wa tovuti. Mfumo haujakupa data, umekupa ukurasa wa kuingilia wenye kisanduku cha jina na pasiwedi, ukidhani wewe ni mtu umekaa mbele ya skrini. Hesabu hiyo kama 401 iliyovaa kanzu.

Turudi Alhamisi. Kitu cha kwanza nilichojiuliza ni: wiki iliyopita ilifanya kazi? Ndiyo. Nimebadilisha chochote kwenye programu tangu hapo? Hapana. Swali hilo peke yake limefuta nusu ya sababu zote. Anwani ya dirisha ni ile ile, maneno ya ombi ni yale yale. Kama ingekuwa mara ya kwanza kuunganisha, ningeanzia huko.

Kitu cha pili, nilitaka kusoma barua yote na siyo bahasha tu. Namba 401 ni bahasha. Ndani mara nyingi kuna maneno yanayosema kwa nini. Wanaotumia Apps Script ya Google sikilizeni: kwa kawaida ombi likigoma, inakurushia kosa na kukata maneno ya seva katikati. Weka muteHttpExceptions iwe true, halafu chapisha jibu lote. Hapo ndo utaona neno la maana. Mimi niliona "invalid_client".

Neno hilo lina uzito. Madirisha mengi ya siku hizi yana hatua mbili. Kwanza unatoa jina la mteja na siri yake, unapewa tokeni. Pili unaitumia tokeni hiyo kuomba data. Tokeni inaishi muda mfupi. Ya API ya ICD ya Shirika la Afya Duniani inakaa kama saa moja. Ya M-Pesa ya Kenya, ile Daraja, wanakuandikia kabisa sekunde 3599. Ikiisha unaomba nyingine. Kwa hiyo ukiona programu yako inafanya kazi asubuhi, baada ya saa moja inagoma, ukiwasha upya inapona, usimpigie mtu simu. Programu imeng'ang'ania tokeni ya zamani. Iambie iombe mpya kabla ya muda kuisha, au ikipata 401 iombe tokeni mpya mara moja na kujaribu tena. Nasema mara moja. Ukiiacha ijaribu bila kikomo, mifumo mingi inafunga akaunti baada ya majaribio machache, na sasa una matatizo mawili.

Yangu haikuwa tokeni iliyoisha. "Invalid_client" ilitokea hatua ya kwanza kabisa, kwenye kuomba tokeni. Maana yake jina la mteja au siri yake ndivyo vimekataliwa.

Nikafanya jaribio la tatu: nikachukua ufunguo ule ule, nikaupeleka kutoka kwenye laptopu kwa ombi la mkono, nje ya shiti. Jaribio hili lina kazi yake. Baadhi ya vituo wanaruhusu maombi kutoka anwani fulani tu za intaneti. Shiti ya Google haitumii intaneti ya bando lako, maombi yake yanatoka kwenye seva za Google. Kwa hiyo inaweza kukataliwa shiti, laptopu ikapita, au kinyume chake. Ikitokea hivyo, unajua shida ni njia na siyo ufunguo. Kwangu zote mbili zilikataa, na maneno yale yale. Ikawa wazi: ufunguo wenyewe umekufa upande wao.

Hapo ilikuwa saa 5 kasoro. Nikapiga simu stoo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, orodha umeiona? Wiki hii mashuka mengi."

Nikamweleza. Akasema hata yeye hajui, kijana wa TEHAMA ameondoka mwisho wa mwezi, amekuja mwingine, na jana mpya huyo "amebadilisha mafunguo yote". Hapo jibu likawa limepatikana. Kijana mpya alifanya kitu sahihi kabisa, mtu akiondoka unabadilisha siri zote alizokuwa anazijua. Kilichokosekana ni kutuambia sisi tuliokuwa tunategemea zile za zamani. Na yeye siku hiyo alikuwa safarini, simu haipatikani.

Mama wa watu akaniona nahangaika. Dakika mbili baadaye WhatsApp ikalia. Amenitumia jina na pasiwedi. "Ingia mwenyewe mwanangu uchukue orodha yako, hii inafungua kila kitu, ipo hapa imebandikwa ukutani mapokezi."

Inafungua kila kitu. Yaani stoo, na mapokezi, na maabara, na majina ya wagonjwa na majibu yao.

Oda ya siku ile nilikuja kuijua baadaye: mashuka 60 na ndoo za taka 24. Kwa bei zangu ni shilingi 900,000 za mashuka na 288,000 za ndoo, jumla 1,188,000. Kwa duka la saizi yangu hiyo ni wiki nzuri sana. Na pasiwedi ipo mkononi, inafanya kazi, na mwenye nyumba ndiye aliyenipa. Nawaambia ukweli, vidole viliwasha.

Lakini fikiria vizuri. Nikiingia kwa akaunti ile, daftari la mfumo linaandika kwamba mtu wa mapokezi ameingia saa 5 asubuhi kutoka mtandao wa nje. Kesho kutwa habari ya mgonjwa ikizagaa mtaani, na Dodoma hii unavyoijua watu wanafahamiana, wataanza kuuliza nani aliingia. Nitamwelezaje mtu kwamba mimi nilifuata mashuka tu? Na yule mama ndiye atakayepoteza kazi, siyo mimi.

Halafu kuna sheria. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake makao yake yapo hapa hapa Dodoma. Sheria hiyo inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, zinazotakiwa kulindwa zaidi ya jina na namba ya simu. Na msidhani inawahusu wakubwa tu. Wewe unayehifadhi majina ya wateja, namba zao na walichonunua, na wewe ni mkusanyaji wa taarifa. Kama unauza vipimo vya mimba au dawa za nywele za kutibu mba, orodha yako ya wateja inasema mambo kuhusu miili yao. Hilo nitaliandikia siku nyingine.

Nikamjibu: "Mama, asante sana, ila hii sitaitumia, na naomba uifute hapa kwenye meseji. Mwambie kijana mpya aibadilishe, na ile karatasi ukutani itolewe. Kama una nafasi, nisomee tu vitu vilivyopungua na idadi, nitaandika."

Akacheka. "Kumbe na nyie mna masharti!" Akanisomea. Vitu 11, dakika sita za simu. Bei zikaenda kwa meseji ya kawaida saa 7 mchana. Mwisho ulikuwa saa 10. Oda nikapata.

Muelewe hapo: dirisha likifungwa, orodha bado ipo duniani. Ipo kwenye kichwa cha mtunza stoo, kwenye daftari, kwenye kalamu. Kila mtu anayetegemea API awe na njia ya pili ya karatasi iliyokubaliwa mapema, na siyo siku ya tatizo.

Jumanne iliyofuata kijana wa TEHAMA akanitumia ufunguo mpya. Nikauweka, nikabonyeza, ikaja 403. Msaidizi wangu dukani akashika kichwa. Mimi nilifurahi, maana sasa mfumo unanijua. Nikamwandikia kaka, ufunguo mpya unapita, ila haujapewa ruhusa ya kusoma orodha ya upungufu. Akaangalia, kweli, alikuwa ameutengeneza bila kuweka tiki ya stoo. Dakika kumi, data ikashuka.

Kwa wale ambao ndio mnaunganisha mara ya kwanza, na hamna "wiki iliyopita ilifanya kazi", mambo yenu ni mengine kidogo.

Angalieni neno linalotangulia ufunguo kwenye heda ya ombi. Kuna mifumo inataka "Bearer", yaani mbebaji. Kuna inayotaka "Basic", ambayo ni jina na pasiwedi vimeunganishwa kwa nukta mbili na kugeuzwa kwa base64. (Na base64 siyo kufuli, mtu yeyote anaigeuza nyuma kwa sekunde moja, usiitume kwenye grupu ukidhani umeficha.) DHIS2 wao tokeni zao binafsi zinaanza na d2pat_, na neno la mbele ni "ApiToken", siyo "Bearer". Ukiweka Bearer kwa mazoea, 401. ICD nao, ukishapata tokeni yako, wanataka pia uwaambie toleo la API kwenye heda, la sivyo ombi halipokelewi ipasavyo. Kwa hiyo someni ukurasa wa maelekezo wa mfumo husika, msikopi mfano wa mfumo mwingine kutoka YouTube. Najua Kiingereza chake kinachosha. Tafuta mfano wa ombi, linganisha herufi kwa herufi.

Halafu kuna kunakili. Hapa ndo wengi wanapoanguka, na hapa nitakaa kidogo.

Ufunguo ukitumwa kwa picha ya skrini, unauandika kwa mkono, na hapo sifuri na O zinafanana, l ndogo na I kubwa ndo kabisa. Ukitumwa WhatsApp ukiwa na nyota au mstari wa chini pembeni mwa maneno, WhatsApp inageuza herufi kuwa nene au za mlalo, na zile alama hazionekani tena machoni. Anayesoma na kuandika upya anaziruka. Simu nayo ina tabia ya kukuwekea herufi kubwa mwanzoni na nafasi mwishoni. Nafasi hiyo huioni, lakini seva inaiona.

Dawa yake: bandika ufunguo kwenye seli ya shiti, seli ya pembeni andika =LEN(A1). Inakuhesabia herufi. Muulize aliyekupa, ufunguo una herufi ngapi? Akisema 40 na wewe unaona 41, umemkamata mwizi. Ila angalia, shiti nayo ina vituko vyake. Ufunguo wa tarakimu tupu ukiwa mrefu, inaugeuza kuwa namba ya hesabu na tarakimu za mwisho zinakuwa sifuri. Ukianza na sifuri, sifuri inakatwa, kama inavyofanya kwenye namba za simu za wateja wenu. Ukianza na alama ya kujumlisha, inadhani ni fomula. Tanguliza alama ya ' mbele yake, itauacha kama maandishi. Ukishamaliza kuhesabu futa hiyo seli. Ufunguo haukai kwenye shiti ambayo msaidizi, mdogo wako na mtu wa boda wote wana linki yake. Apps Script ina sehemu ya mipangilio ya kuhifadhi siri, weka huko.

Kuna la majaribio na la kweli pia. Mifumo mingi inatoa funguo mbili, wa uwanja wa mazoezi na wa kazi halisi, na anwani mbili. Ufunguo wa mazoezi kwenye anwani ya kazi ni 401, na ufunguo wenyewe utaonekana mzima kabisa, herufi zote zipo. Kwa upande wa malipo hili ndilo naliona zaidi.

Na saa. Hii ni nadra lakini ikikupata utalia. Baadhi ya tokeni zina muda wa kuanza na muda wa kuisha umeandikwa ndani yake. Laptopu yako ikiwa imepotea dakika kadhaa, labda betri ya ndani imekufa na kila ukiwasha inarudi miaka ya nyuma, tokeni yenye saa ya uongo inakataliwa. Weka saa ijipange yenyewe kwa mtandao. Halafu ukisoma kumbukumbu za seva, kumbuka nyingi zinaandika saa za UTC, ambazo sisi tuko mbele kwa masaa matatu. Seva ikiandika 06:00, hapa ni saa 9 kwa saa ya Kizungu, yaani saa 3 asubuhi yetu. Siku ukiongea na fundi wa Nairobi au wa Ulaya, mwandikie tarehe, saa, na neno UTC mbele yake, la sivyo mtatafuta tukio la asubuhi kwenye kumbukumbu za usiku.

Mwisho, namna ya kumwandikia mtu wa TEHAMA. Wale watu wanapokea meseji ya "mfumo wenu haufanyi kazi" mara ishirini kwa siku. Ukiandika hivyo utakaa foleni. Mimi niliandika hivi, mnaweza kuichukua:

"Habari za kazi kaka. Mimi ni muuzaji wa mashuka na ndoo, natumia dirisha la orodha ya upungufu. Leo Alhamisi saa 4:02 asubuhi naomba tokeni, napata 401 na maneno invalid_client. Alhamisi iliyopita ilipita, na upande wangu sijabadilisha kitu. Nimejaribu kutoka shiti na kutoka laptopu, jibu ni moja. Herufi nne za mwisho za ufunguo wangu ni hizi. Naomba kujua kama umefutwa, na kama unatengeneza mpya, uwe wa kusoma stoo tu, sihitaji kuona kitu kingine."

Herufi nne za mwisho zinatosha yeye kuutambua ufunguo wako kwenye orodha yake, bila wewe kuuanika. Na ile sentensi ya mwisho wanaipenda sana, inawapunguzia kazi na wasiwasi.

Ukipokea ufunguo mpya, muulize pia utaisha lini, kama una tarehe ya kuisha. Andika tarehe hiyo kwenye kalenda ya simu, wiki moja kabla. Mimi wa sasa unaisha mwezi wa tatu, na kijana ameahidi atatupigia wauzaji wote siku atakapobadilisha. Tumeshaunda grupu dogo la wauzaji sita kwa ajili hiyo.

Wenye 401 zilizogoma, nitumieni inbox: namba ya kosa, maneno yote yanayoifuata, na iligoma lini. Ukipiga picha ya skrini, ufunguo uzibe kwanza kwa rangi nyeusi. Nitajibu jioni nikishafunga duka.